Nguvu Haikai Ndani ya Mtu Mmoja

Ibadakuli, kata ya Manispaa ya Shinyanga, inajulikana na wengi kwa mambo mawili: uwanja wa ndege na kituo cha kupozea umeme. Nyaya za msongo wa kilovoti 220 zinafika pale, na umeme huo unasukumwa mbele hadi kwenye ukanda wa dhahabu, upande wa Bulyanhulu na kwingineko. Kituo hicho kinatufaa kama maabara ya kuanzia, kwa sababu swali la leo ni gumu kuliko linavyosikika: tunaposema mtu fulani ana nguvu katika jamii, nguvu hiyo iko wapi hasa?

Tuanze na jambo linaloonekana kwa macho. Ndege anatua juu ya waya wa kilovoti 33, anapanga manyoya yake, kisha anaruka akiwa mzima. Mtu aliyesimama ardhini akiugusa waya huohuo anakufa. Waya haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mtu ameunganisha sehemu mbili zenye hali tofauti, waya na ardhi, wakati miguu yote miwili ya ndege ilikuwa juu ya waya mmoja na kati ya mguu na mguu hapakuwa na tofauti yoyote ya maana. Msongo wa umeme ni tofauti kati ya nukta mbili. Ukimwuliza mhandisi waya una msongo kiasi gani, naye akakujibu, ndani ya jibu lake kuna nukta ya pili ambayo hakuitaja.

Nguvu ya mtu juu ya mtu nayo ina nukta mbili. Tunazungumza kana kwamba ni mali iliyofungiwa kifuani mwa mkubwa, lakini jaribu kumhamisha. Mkuu wa wilaya akivuka mpaka wa wilaya yake anakuwa abiria kama abiria wengine. Tajiri mwenye mashimo ya dhahabu, ambaye vijana 40 wanamwamkia kila asubuhi kule machimboni, akifika kwenye kijiji cha wavuvi ambako hakuna anayehitaji kazi yake wala mkopo wake, ataombwa asogee ili nyavu zipite. Mwili ni uleule, fedha ni zilezile, na akili haikupungua. Kwa hiyo tukitaka kuipima nguvu, tupime kile kilichopo baina ya watu.

Mwaka 1962 mwanasosholojia wa Marekani, Richard Emerson, aliliweka jambo hili katika kanuni fupi. Nguvu ya mtu wa kwanza juu ya wa pili ni sawa na kiasi ambacho wa pili anamtegemea wa kwanza. Utegemezi huo nao una vipimo viwili: unakihitaji kiasi gani kile alichonacho, na unaweza kukipata kwingine kwa urahisi gani. Ukikihitaji sana na hakipatikani kwingine, umekwisha kutawaliwa kabla hajafungua mdomo. Ukiwa na mlango wa pili wa kubisha, sauti yake inashuka yenyewe.

Kanuni hiyo inaweza kujaribiwa, na ilijaribiwa katika maabara za Marekani miaka ya 1970 na 1980. Fuata hesabu polepole. Kuna watu watatu waliokaa katika mstari: wa kushoto, wa kati na wa kulia. Kila mzunguko, wawili wanaoweza kuwasiliana wanaruhusiwa kugawana alama 24, mradi wakubaliane mgawanyo. Wa kati anaweza kuzungumza na pande zote mbili, lakini kila mzunguko anaruhusiwa kufunga makubaliano na mmoja tu. Wa kushoto na wa kulia hawawezi kuzungumza wao kwa wao.

Mzunguko wa kwanza mara nyingi ni wa haki, kumi na mbili kwa kumi na mbili. Tuseme wa kati amefunga na wa kushoto. Wa kulia amebaki na sifuri. Mzunguko unaofuata, wa kulia hataki sifuri tena, kwa hiyo anasema, "Chukua 14, nipe 10." Sasa wa kushoto ndiye ameachwa patupu, naye anarudi na ofa ya 16 kwa 8. Baada ya mizunguko kadhaa wa kati anabeba karibu alama zote, na hakutoa tishio hata moja. Huenda ni mtu mpole kabisa. Badilisha viti, aliyekuwa akinyonywa ataanza kunyonya bila kupanga. Kisha ongeza mstari mmoja tu, wa kushoto na wa kulia waweze kushughulika wao kwa wao, na ukuu wa yule wa kati unayeyuka. Au waache palepale walipo, lakini wakubaliane kwamba hakuna atakayeshuka chini ya 12. Matokeo ni yaleyale. Hakuna aliyemshinda wa kati kwa nguvu. Umbo la mahusiano ndilo lililobadilika.

Usukumani wamewahi kuyaishi majaribio haya bila maabara. Miaka ya 1940 mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa alikuwa akipeleka mzigo wake kwa mnunuzi binafsi mwenye leseni. Mnunuzi ndiye mwenye mizani, ndiye anayeisoma, ndiye anayetaja bei. Tuseme mkulima amebeba ratili 100 na mizani imechezewa ikasoma 90. Amepoteza sehemu moja katika kumi ya jasho la mwaka, na hana namna ya kuthibitisha. Kurudi na mzigo kichwani hadi kwa mnunuzi mwingine, ambaye mizani yake pengine ni hiyohiyo, ni gharama nyingine. Hapa kuna tegemezi mbili zilizolala pamoja: moja ya soko, nyingine ya ujuzi wa uzito wenyewe. Ya pili ndiyo inayosahaulika upesi, nami naiona kuwa nzito zaidi. Anayeshika kipimo ameshika ukweli wa biashara nzima.

Paul Bomani, kiongozi wa ushirika aliyewahi kuajiriwa katika mgodi wa almasi wa Williamson kule Mwadui, alikuwa miongoni mwa walioelewa kwamba kamba ya utegemezi ikatwe hapo kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao huru kwenye vituo vya kununulia pamba, vijana waliosimama kando ya mizani na kuisoma kwa ajili ya mkulima. Hakuna aliyepigwa. Mtu wa pili tu amesoma namba ileile. Ni baada ya hapo ndipo vyama vya msingi vikaota, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo kufikia mwisho wa muongo ule ilishika karibu pamba yote ya Kanda ya Ziwa. Wa kushoto na wa kulia walikuwa wamekubaliana.

Lakini hesabu haina upendeleo. Muungano ule uliposhika pamba yote, wenyewe ukawa ndio mtu wa kati. Mkulima aliyekuwa na wanunuzi kadhaa wabaya sasa alikuwa na mmoja, aliye wake kwa jina. Makato yakaongezeka, malalamiko juu ya viongozi yakazidi, mwaka 1966 serikali ikaunda tume ya kuchunguza ushirika nchini, na mwaka 1968 muungano ukageuzwa kuwa Nyanza Co-operative Union. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vikavunjwa na nafasi yao ikachukuliwa na mashirika ya serikali, hadi viliporudishwa miaka ya 1980. Sitaki msomaji aondoke na wazo kwamba ushirika ni udanganyifu. Kule Kizumbi, jirani na Ibadakuli, kipo chuo kinachofundisha ushirika hadi leo, na kazi yake ni muhimu. Ninachosema ni kwamba nia njema ya mwanzilishi haiwezi kushinda umbo la mahusiano kwa muda mrefu. Ukibaki mlango mmoja, anayekaa mlangoni atakuwa mkubwa, awe mgeni au ndugu.

Mlango wa pili si lazima uwe soko. Unaweza kuwa njia ya kuondoka. Kabla ya ukoloni Usukuma ulikuwa na watemi zaidi ya 50, kila mmoja na himaya yake, na mtemi alihesabiwa kuwa na dhamana ya mvua na rutuba. Tukimtazama kwa mbali tunamwona mfalme. Tukimsogelea tunaona jinsi alivyofungwa: aliteuliwa na baraza la banang'oma, na hao hao waliweza kumwondoa nchi ikiharibika. Nje ya baraza hilo kulikuwa na jambo zito zaidi. Ardhi ilikuwa nyingi na watu wachache, kwa hiyo familia iliyochoka kuonewa ilifunga mizigo, ikaswaga ng'ombe wake hadi kwa mtemi wa jirani, na kule ikapokewa kwa furaha. Mtemi asiye na watu hana chakula ghalani wala askari.

Waingereza walipowafanya watemi kuwa sehemu ya serikali yao, kwa sheria ya mwaka 1926, mtemi alipewa mshahara, mahakama na kazi ya kukusanya kodi. Wengi walidhani ameongezewa nguvu. Kwa wananchi aliongezewa kweli, kwa sababu sasa nyuma yake palikuwa na polisi, na kuhamia kwa mtemi mwingine kulikupeleka chini ya bwana yuleyule wa juu. Lakini utegemezi wake ulikuwa umehama kutoka kwa banang'oma na kaya za wafugaji kwenda kwa ofisa wa wilaya. Kidaha Makwaia, mtemi wa Busiya hapohapo Shinyanga, msomi wa Makerere, aliteuliwa mwaka 1945 kuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Ilikuwa heshima kubwa, na uteuzi ulitoka kwa gavana. Uhuru ulipokuja, mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria nchini kote, na hapakutokea vita. Kamba ya chini, ile iliyomfunga mtemi kwa watu wake, ilikuwa imekwisha kulegea kwa karibu miaka 40.

Hadi hapa tumetazama watu wawiliwawili. Jamii ni zaidi ya hapo, na sehemu ya pili ya somo ndiyo ngumu. Ofisa mmoja wa kikoloni na matarishi wachache waliweza kuamuru wilaya nzima. Hesabu ya mikono inakataa: maelfu wangeweza kusema hapana asubuhi moja na asingekuwa na la kufanya. Kwa nini hawakusema?

Mwaka 1978 Mark Granovetter, naye mwanasosholojia wa Marekani, alitoa mfano ambao kila mtu anaweza kuuhesabu kwa vidole. Kuna watu 100 uwanjani, wote wamechoshwa na amri fulani. Wa kwanza yuko tayari kukataa hata akiwa peke yake. Wa pili atakataa akiona mmoja ametangulia, wa tatu akiona wawili, na kuendelea hivyo hadi wa mia, ambaye anahitaji kuona 99. Wa kwanza anasimama, wa pili anamwona, wa tatu anawaona wawili, na kabla ya adhuhuri uwanja wote umesimama. Sasa badili moyo wa mtu mmoja tu. Yule wa pili, badala ya kuhitaji mmoja, ahitaji wawili. Wa kwanza anasimama na kugeuka nyuma, hakuna aliyemfuata. Anakamatwa. Watu 99 wanarudi nyumbani, na anayepita njiani atasema wanaipenda amri ile.

Nguvu ya utawala, basi, haikai kwenye utegemezi pekee. Inakaa pia katika kile ambacho kila mtu anadhani wenzake watafanya. Ndiyo maana watawala wanaoogopa huanza kwa kupiga marufuku mikutano. Hotuba ya mkutanoni inaweza isiseme jambo jipya hata moja, lakini mkutano unakuonyesha jirani yako akipiga makofi mahali ambapo na wewe ulitaka kupiga. Serikali ya kikoloni iliizuia TANU, chama cha kudai uhuru, isifanye kazi Usukumani tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Miaka hiyo minne watu walikuwa na manung'uniko yaleyale: amri za kupunguza ng'ombe, amri za matuta, kodi, faini. Kila mmoja alinung'unika kwake.

Kisha likaja tukio la Geita. Serikali ilileta baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, ambamo wachache wasio Waafrika wangekuwa na viti katika wilaya ambayo karibu wakazi wote walikuwa Waafrika. Mwaka 1958 watu walikusanyika Geita kwa wingi ambao hakuna aliyeutarajia, wakakataa, na wengi wakaandamana hadi Mwanza. Polisi walitumia mabomu ya machozi. Umati uliweza kutawanywa, lakini kilichoonekana hakikuweza kurudishwa kisionekane: kila mkulima aliyekuwapo alikuwa amewaona wengine. Serikali ikaachana na mpango wa kulazimisha mabaraza hayo. Mimi nalihesabu tukio la Geita miongoni mwa masomo makubwa ya uhuru wa nchi hii, na nasikitika kwamba linasomeshwa kwa nadra.

Ushawishi ni kitu kingine tena. Nguvu inakuambia fanya, la sivyo. Ushawishi hauna "la sivyo". Mtu anakwenda mwenyewe, anauliza, anasikiliza, na akirudi nyumbani anatenda kama alivyoambiwa bila mlinzi wa kumtazama. Wanasayansi Joseph Henrich na Francisco Gil-White walieleza mwaka 2001 kwamba binadamu ana tabia ya kumzunguka mwenye ujuzi ili ajifunze kwake, na malipo anayompa ni heshima. Kwenye machimbo utaiona kila siku. Kunapotokea rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu mpya, yupo mchimbaji mkongwe, asiye na leseni wala duara (shimo) lake, ambaye akiokota jiwe na kulilamba vijana wote wananyamaza. Akisema mwamba unaelekea huku, majembe yanaelekea huku. Hakumlipa mtu wala kumtisha. Wamemwamini kwa sababu huko nyuma alisema na dhahabu ikaonekana.

Zingatia maneno hayo ya mwisho, ikaonekana. Mchimbaji mkongwe anasahihishwa na ardhi. Akikosea mara tatu mfululizo, vijana watamwachia mawe yake. Ushawishi wa namna hii ni salama kwa jamii kwa sababu matokeo yanarudi kuupima. Sasa mtazame mpiga ramli. Anamwambia mwenye msiba kwamba mtoto wake aliuawa na bibi fulani mwenye macho mekundu. Macho yale ni mekundu kwa moshi wa jikoni, miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe na mabua katika nchi iliyokosa kuni. Lakini ramli haina mahali pa kupimwa. Bibi akiuawa, hakuna kitakachojitokeza kusema haikuwa yeye. Wanawake wazee wengi wa Shinyanga na mikoa ya jirani walipotea hivyo, na watu wenye ualbino wamewindwa kwa imani za aina hiyo. Mwezi Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, kupitia Waziri wa Mambo ya Ndani Mathias Chikawe.

Marufuku ni nguvu, na ilihitajika. Ila ramli inaishi kwa yale tuliyoyaona uwanjani: wengi wana shaka nayo, na kila mwenye shaka anadhani yuko peke yake. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha wanafunzi mistari iliyochorwa na kuwauliza upi unalingana na upi, swali ambalo mtoto angelijibu. Wenzao chumbani walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo kwa pamoja. Karibu theluthi moja ya majibu yalifuata uongo huo. Lakini mwanafunzi alipopata mwenzake mmoja tu aliyetoa jibu la kweli kabla yake, kuufuata uongo kulishuka sana. Mmoja tu. Katika ukoo unaonong'ona juu ya bibi, mjukuu mmoja anayesema kwa sauti kwamba bibi hana kosa ana uzito kuliko anavyojidhania.

Turudi kwenye dhahabu. Katika machimbo madogo ya Geita na Kahama mwenye leseni huchukua sehemu yake, mara nyingi karibu asilimia 30 ya mawe, kisha mwenye duara na wachimbaji hugawana kinachobaki. Mchimbaji aliyelishwa kwa mkopo na mnunuzi tangu shimo likiwa halijatoa kitu atamuuzia mnunuzi huyo, kwa bei ya mnunuzi, kwenye mizani ya mnunuzi. Ni pamba ya miaka ya 1940 imerudi kwa gramu. Ndiyo sababu soko la madini lililofunguliwa Geita mwezi Machi 2019, na mengine yaliyofuata, ni jambo kubwa kuliko ukusanyaji wa kodi. Wanunuzi wengi wako chini ya paa moja, mizani inasomwa mbele ya macho, na bei ya siku inajulikana. Hata hivyo soko halimfungui mwenye deni. Atafika pale akiwa na wanunuzi wengi mbele yake na mmoja tu anayeruhusiwa kumuuzia. Anayetaka kumsaidia mchimbaji mdogo aanze na mkopo wa chakula, kwa sababu hapo ndipo mlango wa pili unapofungwa.

Nawe msomaji, popote ulipo kati ya Ibadakuli na machimbo ya Nyarugusu kule Geita, usiisubiri nguvu ya kupewa. Kama kipimo kinashikwa na mtu mmoja, mtafute wa pili wa kukisoma. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imempa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji chake. Ukiitishwa, nenda. Uliza mapato na matumizi, na uulize kwa sauti ambayo jirani yako ataisikia.